Sura ya 7: Mama, Mimi na Wewe Hatuna Mkataba

Dada yangu alikabidhiwa nyumba yake ya Goba Juni 2022, mwezi ambao Dar es Salaam haina mvua na kila paa ni zima. Ni nyumba ya mtindo wa siku hizi, paa la kuficha: bati limelazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta mfupi unaoizunguka nyumba yote, na kati ya bati na ukuta unapita mfereji wa zege uliotandikwa felti ya lami ili maji yasipenye. Ukiwa barabarani huoni bati wala mfereji. Unaona sanduku jeupe, zuri. Mafundi wazee wana kauli yao kuhusu nyumba hizi, ambayo sitaiandika kwa kuwa dada yangu atakisoma kitabu hiki.

Mkataba ulitoa miezi sita ya matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anarudi kwa gharama yake kurekebisha kasoro zinazojitokeza. Miezi sita ukiianzia Juni unaangukia Desemba. Mwaka wa kawaida, vuli ingekuwa imeshalipima paa. Mwaka ule vuli iligoma. Ndio mwaka ambao Mto Ruvu ulipungua hadi jiji likaingia kwenye mgawo wa maji mwishoni mwa Oktoba, na watu wakawa wanahangaika na ndoo. Nani angewaza kuvujiwa? Desemba ikaisha, matazamio yakafungwa, mkandarasi akalipwa fedha yake ya mwisho iliyokuwa imezuiwa, na sote tukapeana mikono.

Masika ya 2023 ilipofika, jipsamu ya chumba cha watoto ilianza kuchora ramani. Kwanza duara la rangi ya chai, kisha duara la pili nje ya lile la kwanza, kisha usiku mmoja wa Aprili kipande cha ukubwa wa sinia kikadondoka juu ya meza ya kusomea. Hakuna aliyeumia. Asubuhi dada akampigia aliyeezeka.

Aliyeezeka hakuwa mkandarasi mkuu. Alikuwa mkandarasi mdogo, mwenye kampuni yake iliyosajiliwa, aliyepewa kipande cha kazi: bati, mfereji, felti. Alimsikiliza dada kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Pole sana, mama. Lakini mimi na wewe hatuna mkataba. Mwenye mkataba na mimi ni Injinia."

Injinia, ambaye ndiye mkandarasi mkuu, naye hakuwa mkali. "Dada, hiyo ni kazi ya watu wa paa. Nimeshawaambia." Alisema amewaambia. Wiki iliyofuata akasema tena kwamba amewaambia. Wiki ya tatu simu yake ikawa inaita tu.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuhesabu matofali ya watu wengine, na ndugu zangu hunikumbuka pale ukuta unapopasuka. Safari hii, kabla sijampigia mtu yeyote, nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya yule mtu wa paa, kana kwamba ni mimi.

Kazi yake yote ilikuwa ya shilingi 18,000,000. Katika hiyo, asilimia 5 ilizuiwa kama dhamana kwamba atarudi: shilingi 900,000. Nusu yake ilitolewa siku ya kukabidhi nyumba. Iliyobaki kumvuta arudi ni shilingi 450,000. Kurekebisha kwenyewe, kung'oa felti ya upande mzima wa kaskazini, kuweka mteremko upya, kutandika na kuunganisha tena na ukuta, kuligharimu kwa makisio yangu si chini ya 2,600,000. Mtu mwenye akili timamu akiwekewa 450,000 upande mmoja na 2,600,000 upande mwingine atafanya nini? Atakuwa na adabu kwenye simu.

Sura nzima hii imo katika hesabu hiyo. Tunapenda kusema mafundi hawana utu, na wapo wasio nao, lakini wengi wasiorudi wamepiga hesabu tu, na mkataba wenyewe ndio uliowaandalia majibu. Fedha inayozuiwa inatosha kurudisha mtu kuja kukaza bawaba na kupaka rangi pale kochi lilipokwangua ukuta. Haitoshi kumrudisha aje kung'oa kazi yake.

Sheria ya mikataba haikukosea kumpa yule bwana jibu alilolitoa. Mkataba unawafunga waliouweka. Dada ana mkataba na Injinia. Injinia ana mkataba na mtu wa paa. Kati ya dada na mtu wa paa hakuna kitu, ila chai aliyompikia mara kadhaa. Kwa hiyo mdaiwa wa dada ni Injinia, na jibu la "hiyo ni kazi ya watu wa paa" halina uzito wowote kisheria, kwa sababu mkandarasi mkuu huibeba kazi ya wadogo zake kama yake mwenyewe. Alimchagua yeye, akamlipa yeye, akachukua faida juu yake. Na kule kuisha kwa matazamio, ambako Injinia alikuwa anakutegemea kimyakimya, hakuzimi deni. Matazamio ni muda wa mkandarasi kuja kurekebisha mwenyewe. Haki ya kudai fidia kwa kazi mbovu inaendelea, na Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Nimekutana na wenye nyumba wengi waliokunja mikono mwezi wa saba wakiamini wamechelewa.

Ila njia hiyo ni ndefu. Dada amshitaki Injinia, Injinia amgeukie mtu wa paa, mawakili walipwe pande tatu, na katikati ya hayo masika nyingine mbili zipite juu ya kitanda cha mtoto. Ndiyo maana nilianza kuitazama leseni.

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria tatu zilizofuatana kwa namba: Na. 15 ya wahandisi, Na. 16 ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na Na. 17 ya makandarasi. Hii ya mwisho ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kabla ya hapo, tangu 1972, wasanifu, wakadiriaji na makandarasi wa majengo walikuwa chini ya bodi moja, jambo ambalo lilikuwa kama kumweka mwamuzi na mchezaji chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Bodi mpya ikawapanga makandarasi kwa madaraja, wa majengo na wa kazi za ujenzi kuanzia la kwanza hadi la saba, na ikapewa uwezo wa kusajili, kukagua, kusimamisha na kufuta. Umeme una mlango wake: fundi anayefunga nyaya za nyumba yako anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na hapo madaraja yanaitwa kwa herufi. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja unaweza kukuta watu wa leseni mbili au tatu tofauti, kila mmoja na mkubwa wake wa kumwogopa.

Bodi hizi tunazisikia jengo linapoanguka. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36, na kwa wiki kadhaa kila gazeti lilikuwa linauliza nani alisajiliwa na nani hakusajiliwa. Ni haki kuuliza. Lakini usajili haukuwekwa kwa ajili ya maafa peke yake. Umewekwa pia kwa ajili ya sinia la jipsamu juu ya meza ya kusomea, na hapo ndipo wengi wetu hatujui kuutumia.

Angalia tena ile hesabu. Kwenye mizani, 450,000 imeshindwa na 2,600,000. Mahakama iko mbali. Kitu gani alicho nacho mtu wa paa ambacho thamani yake inazidi 2,600,000, na ambacho kinaweza kuguswa bila kumshitaki? Usajili wake. Bila huo haingii kwenye zabuni, mkandarasi mkuu anayejiheshimu hamchukui, benki haimsikilizi. Aliposema hana mkataba na dada yangu alikuwa sahihi. Ana mkataba mwingine, alioufunga na umma siku alipoingizwa katika daftari la Bodi, na huo haujali nani alimlipa.

Jimbo la Arizona, Marekani, limeliandika jambo hili wazi kuliko sheria yoyote niliyoisoma. Wana Msajili wa Makandarasi tangu 1931. Mwenye nyumba akilalamikia kazi mbovu, na ana miaka miwili ya kufanya hivyo, ofisi inatuma mkaguzi. Akiona kasoro ipo kweli, mkandarasi anaandikiwa agizo: rekebisha hiki na hiki kufikia tarehe fulani, na muda huo hauwezi kuwa chini ya siku 15. Asiporekebisha, bila sababu ya msingi, kule kutorekebisha kunakuwa kosa jipya, lenye kifungu chake peke yake. Anapelekewa hati ya mashitaka ya kinidhamu. Asipoijibu ndani ya siku 10 anahesabiwa amekiri. Akijibu, anakwenda mbele ya jaji wa masuala ya utawala, anasikilizwa, na leseni haiguswi kabla ya hapo.

Napenda sana mpangilio huu kwa sababu ya kitu kimoja: unatenganisha kukosea na kugoma. Felti iliyobandikwa vibaya ni kosa la kazi, na kila mjenzi aliyefanya kazi kweli ana felti yake mahali fulani. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau ngazi nzima katika makadirio ya jengo la ghorofa mbili. Kumfutia mtu riziki kwa hilo ni ukatili, na mafundi wakishajua hivyo wataanza kuficha makosa chini ya plasta. Lakini mtu aliyeonyeshwa kosa, akapewa muda, akafunguliwa geti, na bado asije, huyo ameiambia jamii nzima kwamba leseni yake ni pambo la ukutani. Huyo ndiye wa kushughulikiwa.

Ashughulikiwe vipi? Wenye nyumba wenye hasira wanataka afutwe. Nami nilipoliona lile duara la chai nilitaka hivyo. Lakini mkandarasi aliyefutwa hana tena sababu ya kupanda ngazi ya nyumba yako. Ameshapoteza alichokuwa anakiogopa. Atakaa miezi michache, utasikia kampuni mpya imesajiliwa kwa jina la shemeji, gari lilelile na ngazi zilezile. Kusimamishwa mpaka atakapotengeneza ndiko kunakouma na kuzaa matunda, maana kila siku anayochelewa anaigharimia yeye, na ufunguo wa kufungua anao mwenyewe. Kufuta kubaki kwa yule aliyezoea, ambaye malalamiko yake yanajaza jalada.

Kuna upande wa pili, na ningekuwa mwongo nikiuruka. Mkandarasi mdogo ndiye mnyonge wa eneo la ujenzi. Analipwa mwisho, na mara nyingi mkataba wake, kama upo kwa maandishi, unasema atalipwa mkuu akilipwa. Mkuu asiyetaka kumlipa anajua dawa rahisi: atafute kasoro. Nimeona barua za malalamiko zilizoandikwa siku mbili baada ya mkandarasi mdogo kudai fedha yake, na kasoro iliyotajwa ni ya mwaka uliopita. Silaha ya leseni ikiwa mikononi mwa mtu kama huyo ni hatari kuliko paa linalovuja. Ndiyo maana yale maneno ya Arizona, "bila sababu ya msingi", yana kazi kubwa. Kama umemfungia geti, hiyo ni sababu. Kama kasoro imesababishwa na mtu mwingine, hiyo ni sababu. Na haki ya kusikilizwa kwetu haitoki Arizona: imo katika Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a).

Hata mfereji wa dada yangu haukuwa na jibu jepesi. Nilipopanda juu na pipa la maji nilikuta sehemu mbili maji yanatuama. Mteremko wa zege ulikuwa mbaya, na zege lilimwagwa na watu wa Injinia. Felti ilikuwa ya mtu wa paa. Kwa hiyo nani? Desturi ya kazi ina jibu la kale: anayepokea uso wa kazi bila kulalamika ameukubali. Mpaka rangi akikuta plasta mbichi hasemi baadaye kwamba plasta ilikuwa mbichi. Alitakiwa kushusha brashi na kumwita msimamizi. Mtu wa paa aliuona mteremko ule kabla ya kuwasha gesi yake. Angeandika mistari miwili siku ile, ningekuwa upande wake.

Tuliandika barua. Nitaieleza kidogo kwa sababu barua mbaya zimeua madai mengi mazuri. Haikusema "paa linavuja". Ilisema maji yanaingia chumba cha watoto, kona ya kaskazini mashariki, na kwamba yalionekana tarehe hizi tatu, na picha za kila tarehe zimeambatishwa. Haikumwambia atengeneze namna gani. Hapo wenye nyumba hukosea sana: ukimwamuru apake rangi ya kuzuia maji na rangi ikashindwa, umeshachukua lawama yake ukaivaa. Tukamwambia tunachotaka kukiona: mfereji uzibwe matundu yake, ujazwe maji kina cha sentimeta tano, ukae saa 48, na dari ya chini ibaki kavu. Tukampa siku 15, nakiri nimeziiba Arizona. Tukamwambia geti liko wazi kila siku kuanzia saa moja asubuhi, Jumapili tu atujulishe mapema. Barua ilikwenda kwa Injinia, ambaye ndiye mdaiwa, na nakala ikaenda kwa mtu wa paa. Chini kabisa, kwa herufi zilezile za kawaida, tuliandika nakala nyingine inakwenda wapi: kwa Msajili wa Bodi.

Dada alitaka kumleta fundi wa Kimara aliyesifiwa na jirani, amalize kazi kwa siku mbili, kisha tudai fedha. Nilimkatalia. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Pearce & High dhidi ya Baxter, ilisema mwenye nyumba asiyempa mjenzi wake taarifa na nafasi ya kurudi, akaita mwingine, hapotezi dai lake lakini hapati zaidi ya kile ambacho kingemgharimu yule mjenzi wa kwanza kujirekebishia. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hiyo, ila huzisoma hukumu za aina hiyo na mantiki yake ni nzito. Mwite kwanza aliyeharibu. Asipokuja, kutokuja kwake ndio ushahidi wako.

Wasomaji wengi wa kitabu hiki hawana hata mtu wa kumwandikia barua ya namna hiyo, kwa sababu wamejenga na fundi aliyeletwa na fundi mwingine, bila usajili wala karatasi. Huyo hana leseni ya kusimamishwa. Utampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, au Mahakama ya Mwanzo, na utategemea aibu yake. Fundi wa namna hiyo ni nafuu siku ya kuanza, na mara nyingi ni hodari kweli. Unapomlipa mwenye usajili zaidi, sehemu ya ile ziada unanunua kamba ya kumvutia siku akigoma.

Injinia hakujibu. Mtu wa paa alikuja siku ya tisa.

Alikuja na vijana wawili, mtungi wa gesi na felti mizunguko minne, na hakusema neno lolote kuhusu mikataba. Walifanya kazi siku tatu. Walipojaza maji tukangoja saa 48 tukiwa tunaingia chumba cha watoto kila baada ya muda kutazama juu, kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani. Kona ya kaskazini mashariki ilikuwa kavu. Lakini kulikuwa na tone dogo, jipya, upande mwingine, juu ya korido. Akapanda, akashuka, akamwita dada yangu kwa upole uleule wa kwenye simu.

"Mama, hili si langu. Njoo uone."

Zilikuwa boliti nne za dishi la televisheni, zilizotobolewa ukutani zikapita kwenye felti, Januari, na mtoto wa shemeji yetu. Akataka shilingi 80,000 kuziba. Dada akasema kwa usumbufu aliompa tangu Aprili angeziba bure. Akasema ile kazi aliyoifanya bure imekwisha, hii ni kazi nyingine. Wakanitazama mimi. Nikasema alipwe, na dada hakunipikia chai wiki mbili.

Wakati anapakia mtungi kwenye gari aliniita pembeni. Ile 450,000 yake, Injinia hajampa mpaka leo, ingawa dada alishamlipa Injinia yote tangu Desemba. Aliuliza kama naweza kumpa nakala ya ile barua yetu, aone ilivyopangwa, hasa ule mstari wa chini.